Kovu

Walipokurudisha kutoka karakana ya Eastleigh
sikukutambua, Trevanion.
Nilisimama kwenye majivu ya banda la Salisbury,
chai ikinipoa mkononi,
nikamwuliza Maidment: Nani huyu?
Maidment, atoaye neno kama atoaye shilingi ya mwisho,
akasema: Ndiye. Wamemvua koti.

Zamani ulifunikwa gamba la bati toka pua hadi kisogo.
Watoto wa Honiton walikuita mkebe wa biskuti.
Tumboni mwako minyororo ilizunguka gizani
ndani ya dimbwi la mafuta,
na mafuta yalivuja, na yakivuja yaliwaka;
mara mbili tulisimama porini karibu na Axminster
tukikuzima kwa mchanga na matusi.
Moshi wako ulilala chini ukamziba Maidment macho,
akawa anaendesha kwa masikio,
akiyahesabu madaraja kwa mwangwi wake.

Na kuondoka stesheni! Mabehewa kumi na mawili nyuma,
manyunyu juu ya reli,
magurudumu yakazunguka palepale
kama mlevi anayetafuta tundu la ufunguo,
stesheni masta akiitazama saa yake
kama hakimu.

Sasa mifupa yako ilikuwa nje,
fito zikipanda na kushuka mchana kweupe,
hakuna kiungo kisichofikiwa na kopo la mafuta.
Snook mdogo, aliyezoea kutambaa chini yako usiku
na tochi mdomoni,
alikupaka grisi amesimama wima, mtu na heshima zake.
Nilifurahi. Naapa nilifurahi.
Ila nilipanda kibandani kutafuta kovu:
mlango wa tanuri, upande wa kushoto,
nilipokupiga koleo asubuhi ile
telegramu ya mama iliponikuta kazini.
Mlango ulikuwa mpya.
Laini kama shavu la mtoto.

Tukafanya kazi miaka tisa.
Kutoka Seaton kupanda Honiton ni maili sita za ubishi,
makaa kidogo kidogo, huku na huku, pembeni kwanza,
mgongo ukiimba wimbo wake wenyewe,
nawe ukapanda bila kuteleza, bila kulalama,
mvuke ukikutoka juu, mweupe, ulionyooka.
Maidment akapata muda wa kuona kondoo.
Alinionyesha, kama kwamba ni yeye aliyewazaa.

Bi Chubb wa Gillingham, nyumba ya tatu toka relini,
ambaye kwa mkebe wa biskuti aliwahi kuanua mashuka mbio,
alituambia mlangoni mwa kanisa:
Huyu wenu siku hizi anapita kama mgeni wa serikali.
Masizi hayaachi. Hata hodi hapigi.
Sikujua kama alikuwa anasifu.

Kisha dizeli.
Zilikuja moja moja, zikinuka jiko la mafuta ya taa,
zikatunyang'anya Exeter, zikatunyang'anya mlima.
Wewe ukabaki na treni za maziwa,
na za Jumamosi zilizojaa wapiga picha
waliokujua namba lakini hawakujua
kwamba sindano ya presha yako husema uongo
ikifika mia mbili.
Maidment alistaafu Machi. Hakuaga mtu.
Aliacha glovu zake juu ya kiti, zimekunjwa ngumi.

Julai ya sitini na saba, Jumapili, nikamwaga moto wako
kwa mara ya mwisho.
Waling'oa jina ubavuni wakalifunga kwenye gunia.
Newport walikuwa wanakusubiri,
watu wenye gesi na miwani myeusi,
wanaonunua kwa tani.

Kila mtu alipokwenda kunywa chai
nilichukua koleo.
Mlango wa tanuri. Upande wa kushoto.
Pigo moja, kwa mikono miwili.
Banda zima likaitikia.

Snook akachungulia kutoka chini: Kuna nini huko?
Hakuna kitu, nikasema. Nakung'uta majivu.