Mguu wa Baba Mkwe

Theluji ya Oktoba imetuwahi Omalo.
Nyuma ya vani: jibini ndani ya ngozi za kondoo,
magunia ya sufu, mbwa mmoja mwenye kinyongo.
Mbele: mimi, na baba mkwe wangu Lagaza,
aliyeendesha lori njia hii miaka thelathini na mmoja
bila mkanda, mara nyingine bila taa,
na asiyeamini kitu chenye swichi.

"Gari huendeshwa na makalio," ananiambia.
Yaani dereva wa kweli huhisi utelezi kitini
kabla haujafika mikononi.
Sibishi. Makalio hata mimi ninayo.
Lakini tairi ni nne na mguu wangu wa breki ni mmoja,
na sijazaliwa na ujuzi wa kulikaba gurudumu la nyuma kushoto
huku nikiliachia la mbele kulia,
mara kadhaa kabla kope haijashuka.

Kileleni, kwenye mlango wa Abano, tukakwama.
Nikakanyaga mafuta, injini ikanyong'onyea:
kile kifaa, kwa kuona tairi zinazunguka bure,
kikaninyima nguvu
kama mama anayemfichia mtoto sukari.
Ni wema. Ila katika theluji ya magoti
wema huo hukuzika palepale.
Nikabonyeza, nikakizima.
Mbele kidogo, nyuma kidogo, mbele,
tope jeupe likaruka hadi vioo,
mbwa akabweka, tukachomoka.

Na hapa ndipo watu hufa:
katika furaha ya kuchomoka.
Nimekwisha kutia gia, nimekwisha kuliona bonde,
ndipo jicho likaangukia taa ya manjano,
imetulia, haipepesi, inanitazama tu:
nimelala, wewe ndiwe uliyeniambia nilale.
Nikasimama. Nikakiamsha.
Lagaza akaguna.

Mteremko huanzia juu, hauanzii katikati.
Gia ya kwanza. Swichi ya kushukia, gari lingali limesimama,
kasi ya mtu anayemsindikiza mgeni,
kisha lile gumu kuliko yote:
kuondoa mguu.
Breki zikaanza kujikaza zenyewe, grrr, grrr,
kama mtu anayesaga chumvi ya mawe.
"Linavunjika!"
"Linafanya kazi," nikasema,
mguu ukielea juu ya kanyagio, haugusi, hauendi mbali,
maana aliyepewa msaidizi hakupewa likizo.

Kona ya kumi na ngapi sijui,
pale penye picha ya Zurab na mshumaa ndani ya chupa,
barafu chini ya theluji.
Pua ya gari ikalitamani bonde.
Taa ikapepesa, ikapepesa,
nikasikia tairi moja ikikabwa, nyingine ikisamehewa,
nikatazama ninakokwenda, si ninakokuogopa,
usukani nikaugeuza kama unavyomgeuza mtoto aliyelala.
Pua ikarudi.

Sikushangilia. Taa ile haipongezi.
Ikipepesa inasema: nimekula akiba yako,
huu ndio mwisho wa kamba, usiivute tena.
Haiumbi mshiko pasipo na mshiko,
hugawa tu kidogo kilichopo,
nacho kikiisha,
yeye na mimi na jibini tutaserereka sawasawa.
Nikapunguza hadi mwendo wa aibu.
Gari la Zurab lilikuwa na taa hiyohiyo.
Yeye aliiona kama ruhusa.

Saa tatu baadaye, Pshaveli. Lami.
Nikazima swichi, nikasogeza kiganja karibu na ringi:
joto, si moto.
Lagaza bado yuko kitini.
"Vipi?"
"Mguu," akasema. "Umekufa ganzi."
Nikachungulia chini upande wake:
zulia la mpira limebonyea shimo la kisigino.
Tangu kileleni alikuwa anakanyaga
breki isiyokuwepo.

Hakuniuliza nani aliyelishusha gari.
Nikazunguka nyuma, nikamfungulia mbwa.