Arobaini na Sita

Fikiri Nakuchima alikuja Alhamisi, jua la saa kumi,
kofia mpya kichwani, bado ina mkunjo wa boksi.
Tulikuwa uani tunabangua, mimi, Sikuzani na mke wa Mchopa,
moshi wa maganda umetushika macho.
Akakataa kigoda.
Mtu akikataa kigoda Nanhyanga
amebeba neno zito, au neno la kuazima.

"Dada zangu," akasema, "makundi yamevunjwa.
Tumeshikana mikono kule Tandahimba, mbele ya kamati.
Zile kura zangu mpeni Liungo.
Chama kwanza."

Sikuzani akaiweka korosho juu ya jiwe,
akaigonga, ta,
ikatoka nzima.

Fikiri, tunakujua tangu mizani ya chama cha msingi.
Mwaka ule mvua ilipowahi, magunia yakalowa,
ulimrudisha karani mwenzako usiku, karabai mkononi,
kwa nusu kilo ya Bibi Esha Namtima.
Nusu kilo!
Ukasema mizani ikizoea kumega
mwisho itameza gunia.
Ndiyo sababu tulikutaka. Sura huna,
na bahasha hukuwa nayo.

Siku ya kura za maoni
kila aliyekupa kura, alipotoka mlangoni,
alidondosha mbaazi moja
katika kikombe cha bati cha mke wa Mchopa.
Tulizimwaga mkekani tukazihesabu mara mbili:
mia moja na kumi na saba.
Ubaoni wakaandika sabini na moja,
Liungo tisini,
chaki ikapanguswa kabla haijakauka jasho la aliyeishika.
Kikombe kiko uvunguni mpaka leo.
Njaa ya Septemba imepita, mbaazi hatujazipika.

Sasa wewe, wa nusu kilo,
watu arobaini na sita wamepotea mizanini
nawe umevaa kofia?

Akaivua. Akaikunja. Akaikunjua.
"Wamesema nitaachiwa kazi yangu ya mizani," akasema,
"na nina watoto wanne."
Hilo tulilielewa. Mke wa Mchopa akamfungia korosho
kwenye gazeti, za watoto.

Ila nilimwambia, na sijuti:
msamaha ulioutoa ni wako, hatukunyang'anyi.
Kura yangu haikuwa shuka lako
ukamwazime mgeni aliyekuja na baridi yake.
Na wasitusingizie kwamba tumehama.
Kadi yangu niliilipia kwa kuuza jogoo.
Imo kwenye kopo, pamoja na stakabadhi na deni la salfa.
Siichomi, siirudishi.
Mwenye nyumba hahami kwa kuwa mpangaji kajiita baba.

Jumatano ikafika. Usiku upepo ulikuwa umeangusha,
chini ya mikorosho pamejaa mabibo, yananuka tamu na uchachu.
Tukaokota mpaka adhuhuri.
Shuleni kengele ililia, watu wachache, foleni fupi,
msimamizi, tuliambiwa, alisinzia.
Tukarudi kubangua.

Jioni balozi Nnunduma akapita nyumba kwa nyumba.
"Nionyesheni vidole."
Tukavinyoosha, vyote thelathini,
vyeusi mpaka shina la kucha,
mafuta ya ganda yamekula ngozi
kama yanavyoila kila msimu tangu tukiwa wasichana.
Akavigeuza kwenye mwanga. Akavinusa.
Akavisugua kwa mate, mzee wa watu.
Wino ni upi, ganda ni lipi?
Akaandika kitu katika daftari lake, akaenda kwa jirani,
na kwa jirani pia walikuwa wanabangua.

Hakukitambua hata cha Sikuzani,
aliyechelewa shambani asubuhi ile
akasema alikuwa anatafuta mbuzi.
Sikumuuliza kitu.
Mbuzi wetu walikuwa wamefungwa.