Kifurushi cha Tkibuli

Mhariri aliagiza milima na mvinyo,
maneno mia nane, na kanisa moja kwenye ukungu.
Vyote nilivipata kabla ya saa nne asubuhi.
Ukungu wenyewe haukuwa na kazi nyingine.

Ila nilibeba pia kifurushi:
viatu namba thelathini na nane, kahawa, dawa ya presha,
na bahasha ambayo Lamara aliishonea
ndani ya bitana ya koti langu, jikoni kwa mama, Bari,
akinigeuza huku na huku kama mtoto wa shule.
Miaka sita anamwogesha mama yangu.
Anajua bega lipi huuma mvua ikikaribia.
Mimi najua nauli za ndege.

Tkibuli, mgodi wa makaa umenyamaza nusu.
Basi dogo lilinishusha kwenye duka la mikate,
wanaume wanacheza domino, wamevaa sweta
nilizozitambua: za mnadani kwetu, kila Jumanne.
“Wanawake wako wapi?” nikauliza, kwa mzaha wa mgeni.
Mmoja hakuinua macho.
“Kwenu.”

Guram, mumewe, alinipikia maharage.
Aliomba radhi kwa chumvi. Upishi amefunzwa kwa simu,
Lamara akielekeza, kijiko hiki, moto ule,
na nyuma yake kikongwe akiita, akiita
jina lisilo la Lamara.
Ni langu.

Mavyaa wake alipozikwa hapa, karatasi zake
zilikuwa bado mezani mwa afisa fulani.
Aliyaona mazishi chooni kwetu, simu kaiegemeza kwenye sabuni,
bomba kalifungulia ili mama asisikie kilio.
Nilijua. Nilimpa mapumziko ya jioni moja
na nikajiona mwema.

Teona ana miaka kumi na mitano.
Viatu havikumwingia.
Alishukuru, akaviweka kabatini na wenzake,
thelathini na tano, na sita, na saba,
vyote vipya, nyayo hazijagusa udongo.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, husemwa.
Nilikaa pale na kikombe changu, sijamponya mtu.

Ukutani, kati ya Mtakatifu Giorgi na kalenda ya benki,
mama yangu anazima mishumaa ya miaka themanini na nne.
Siku hiyo nilikuwa Lizaboni, naandika kuhusu vigae.
“Bibi,” Teona akasema, akiinyoosha fremu.
Hakusema wa nani.

Maneno mia nane. Usiku nikaandika mia mbili za mlima,
nikazifuta, nikaandika namba za viatu.

Asubuhi akanifungia jibini, na zabibu za kukaushwa
zilizotungwa na jozi kwenye uzi.
“Za bibi. Lakini asizidishe, ana sukari.”

Gari lilikuwa linaunguruma. Ilibidi nimuulize,
mimi, nimuulize yeye,
tangu lini.