Jozi Kumi na Moja

Nilihesabu kwa kidole, pale Tononoka,
nikarudia: kumi na wawili, jezi za njano.
Nikapuliza. Bao likafa njiani.
Kocha Mbwarali akaja mbio:
"Refa, hesabu ulisomea chuo gani?"

Sheria naijua: atokaye atoke kwanza,
aingiaye angoje mstarini hadi nimpungie.
Mkono ushafika mfukoni kwenye kadi
ndipo nikamwona Shee, wa kutoka,
amekaa vumbini aking'ang'ana na kamba,
na Bwanaheri, wa kuingia,
peku, mguu kaunyosha tayari,
unyayo mweupe kwa chokaa ya mstari.

Nikahesabu mara ya tatu, sasa kwa chini.

Kadi ikabaki mfukoni.
Nikapiga goti. Fundo lilikuwa gumu,
kalifunga mama yake.