Hodi ya Nyaya Mbili

Yuma, Arizona. Julai, saa nne usiku,
na joto bado limekaa kwenye saruji
kama mdai aliyeambiwa arudi kesho akakataa.
Maji ya bwawa la moteli ni ya kijani,
kijani cha mchicha uliosahauliwa jikoni.
Bi Hemlata Solanki ameweka kiti kwenye lango
ili wageni wasiingie, kisha akakikalia mwenyewe.
"Dario," ananiambia, "watoto wa chumba cha tisa
wamevaa nguo za kuogelea tangu Jumatano."

Pampu ya zamani nimeilaza ubavu juu ya changarawe.
Miaka kumi na tisa. Beringi zake zililia
hadi wapangaji wakadhani kuna paka amebanwa ukutani.
Sasa kimya. Sisimizi wameshahamia kwenye feni.

Mpya inang'aa. Nimekata bomba, nimesugua, nimepaka gundi,
nimeshika kiungo nikahesabu hadi thelathini.
Umeme niliuzima, nikapima, nikapima tena
(baba yangu alipima mara moja; ana vidole vinane).

Kazi ya nguvu imekwisha. Imebaki kazi ya adabu:
kumtambulisha mgeni kwa mwenyeji.

Mwenyeji ni kisanduku cha kijivu ukutani,
kidhibiti kilichofungwa na mwenye moteli wa kwanza.
Kifuniko kimepauka, kioo kina ufa,
lakini ndicho kijuacho saa ya kuchuja, saa ya taa,
saa ya kupasha maji mwezi wa Januari
wazee wa kaskazini wanapoikimbia theluji.
Ndani, kwa penseli, mtu ameandika:
*Usiguse swichi ya nne. Niulize mimi.*
Wewe nani? Hakuna jina.
Sijaigusa.

Nyaya ni nne; mbili nazikunja, hazina kazi hapa.
Ya kijani na ya njano ndizo zibebazo maneno.
Nazibana kwa bisibisi ya fundi saa,
narudisha umeme.

Kidhibiti kinabisha hodi.
Hodi.
Hodi.
Pampu inawasha taa yake ya buluu
na kutazama pembeni, kama mgeni wa heshima
aliyekosewa kiti.

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walinena.
Saa tano na nusu, mimi naona kidonda tu.
Nasoma kijitabu, tochi mdomoni.
Ukurasa wa arobaini na moja: pampu hii,
ikitoka kiwandani, hujisikiliza yenyewe.
Lazima uiambie kwamba yupo mwingine wa kusikilizwa.
Naiambia. Naipa namba: moja,
maana iko peke yake.
Hodi.

Bi Hemlata analeta chai ya tangawizi
kwenye vikombe vya plastiki. Anainama,
anazitazama nyaya muda mrefu.
"Mume wangu akiniita kutoka ofisini," anasema,
"nami nikimwita kutoka chumba cha kufulia, wakati uleule,
hakuna anayesikia. Mdomo umekutana na mdomo."
Nacheka.
Kisha sicheki.

Nazima. Napima. Napima tena.
Ya kijani naipeleka kulikokuwa na ya njano,
ya njano kulikokuwa na ya kijani.
Nawasha.

Karibu, ikasema pampu,
si kwa neno, kwa mizunguko elfu tatu kwa dakika,
ikameza hewa, ikakohoa,
maji yakapanda chini ya kifuniko angavu
na jani moja la mkwaju wa nani sijui likizunguka ndani yake;
kisha, kidhibiti kilipoamuru, ikatulia taratibu
hadi sauti ya mtu anayefikiri.

Kwenye kioo chenye ufa
kidhibiti bado kinaiita kwa jina la marehemu.
Nimetafuta pa kulifuta, sijapaona.
"Liache," anasema Bi Hemlata. "Mwaka wa kumi na mbili huu
watu wananiita Bi Prewitt, yule aliyetuuzia.
Naitika. Vyumba vinalipiwa."

Maji bado ya kijani. Siku tatu, namwambia,
labda nne. Anaandika kwenye kiganja.
Nyuma yake pazia la chumba cha tisa linasogea:
vidole vidogo,
na miwani ya kuogelea, imevaliwa tayari.