Saa Kumi na Moja

Nilipewa mafahari watatu na zizi la turubai:
jeshi letu,
jeshi la wakimbizi waliotaka kurudi kwao,
na batalioni ya marafiki kutoka kusini, wasema Kireno.
Makao makuu yalikuwa ghala la pamba, Igogo.
Tulipiga chafya juu ya ramani.
Nyuzi nyeupe zilinasa kwenye nyota za mabega yangu
na hakuna aliyethubutu kuniambia.

Watu hudhani jenerali hutoa amri.
Mimi niligawa chumvi.
Asubuhi ya kwanza Kanali Okwir aligoma kuketi:
kiti cha Meja Zeferino kilikuwa na mikono, chake hakina.
Nikaagiza viti vyote vikatwe mikono.
Seremala wa Mabatini akakata na changu.
Katika vita nzima sikumbuki operesheni
iliyokwenda vizuri kama ile.

Wakimbizi walitaka kutangulia, kwani kule ni kwao.
Wageni hawakutaka hatua moja bila mizinga.
Wa kwetu walitaka kujua nani atalipa.
Na kila jioni simu kutoka juu:
"Jenerali, mbona kimya huko?"
Kimya! Kichwa changu kilikuwa Mwaloni
mitumbwi ya dagaa inapoingia.

Usiku ule niliandika kwa mkono wangu mwenyewe:
TUTAVUKA MTO SAA KUMI NA MOJA.
Mkalimani, kijana Ndekeja, akayageuza upesi.
Akatafsiri namba.
Jua hakulitafsiri.

Kumi na moja yetu ni ukungu bado umeketi majini.
Kumi na moja yao ni saa tano, chai imeshapoa.

Okwir akavuka peke yake,
ubavu wa kulia wazi kama mlango wa nyumba iliyohamwa.
Mimi nilikuwa huku, ziwa zima katikati yetu,
nimeshika redio kama mtu anayeshika sufuria la moto
asijue pa kulitua.
"Wako wapi wenzetu? Wako wapi wenzetu?"
Saa sita.

Zeferino hakuchelewa. Hilo ndilo linaloniamsha.
Alifika kwa wakati, viatu vimepigwa rangi,
akawakuta wamelazwa kwa safu kwenye majani.
Kila mmoja alikuwa amebeba mkobani shati safi,
limekunjwa, la kuingilia nyumbani.
Mashati hayo ndiyo waliyofunikwa nyuso.

Meli ikatuletea majeruhi Bandari ya Kusini.
Nilisimama gatini, sijui nipige saluti au magoti.
Okwir akashuka, mkono umening'inia kwenye kitambaa,
akanitazama mkononi, si machoni.
"Afande, saa yako inakwenda sawa?"
Basi. Hakuongeza.

Ndekeja nilimweka mahabusu siku mbili,
kisha nikaenda kumfungulia mwenyewe.
Aliyeandika ni mimi.

Tulishinda, baadaye. Mnajua.
Medali zimo ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, uvunguni,
na kifuniko chake kimeshika kutu, hakifunguki.

Tangu hapo navaa saa mbili,
kushoto ya kwetu, kulia ya kwao.
Watoto wa Kirumba huniita Babu Saambili
na mimi huitika.

Jana nilikuwa gati la Kamanga.
Binti mkata tiketi akasema bila kuinua uso:
"Pantoni inaondoka saa kumi na moja."
Nikauliza, "Ya nani?"
"Nani nini?"
"Saa kumi na moja ya nani, binti yangu?"
Nyuma yangu foleni ikaguna, kuku akapiga kelele kapuni.

Akacheka. Hakuonyesha saa ya ukutani.
Akatoa mkono dirishani na kalamu yake,
akaelekeza jua, lilivyoinamia upande wa Sengerema,
kiganja kimoja na kidogo juu ya maji.
"Likifika hapo, babu."

Nikabaki na chenji mkononi.
Ningechora jua.
Karatasi ilikuwa na nafasi.
Duara moja, na chini yake mstari.