Neno la Mkuu wa Meza

Siku ya tatu mjomba Vakhtangi hajala kitu.
Hospitali ya Telavi, kitanda cha dirishani,
mpira puani, dripu mkononi,
na nje malori ya zabibu yanapita
yakidondosha utamu barabarani.

"Eteri," ananong'ona, "wewe ndiye muuguzi.
Tumbo langu limenikosea nini?"

Halijakukosea, mjomba. Lilianza kazi
hata hujaketi. Ulipomsikia jikoni
shangazi Nanuli akitwanga jozi na kitunguu saumu,
neva moja ndefu ilishuka toka kichwani
ikabisha hodi: wageni wanakuja.
Mate yakajaa. Asidi ikachuruzika
kwenye kuta zilizojipaka ute zisiungue.

Tumbo ni mpishi asiye na papara.
Hukanda, huonja, hukanda tena,
kisha mlango wa chini huachama ufa tu:
kijiko cha uji mchachu, basi, hufungwa.
Mafuta yakizidi, utumbo hupeleka habari juu:
Taratibu huko! Hiki bado hatujakimaliza.

Habari nyingine haina waya. Hupita damuni,
huzunguka moyo, mapafu, vidole vya miguu,
haimsemeshi yeyote
mpaka imfikie mwenyewe:
kongosho, limejilaza nyuma ya tumbo
kama ulimi wa kondoo kwenye sinia.
Likisikia "asidi imefika",
humwaga maji yenye magadi, ukali ukapoa.
Likisikia "nyama, na siagi",
hutoa vimeng'enya.

Na hapa, mjomba, wewe unaelewa kuliko mimi.
Miaka thelathini umekuwa mkuu wa meza.
Divai imemiminwa, pembe zimeshikwa,
watu arobaini koo kavu,
na hanywi mtu mpaka umalize neno lako
kwa waliokufa, kwa watoto,
kwa udongo huu mwekundu.
Vimeng'enya navyo ndivyo vilivyo.
Hutoka visu vikiwa alani,
vipole kabisa,
mpaka vivuke kizingiti cha utumbo.
Huko ndiko vinakopewa neno.

Jumamosi ile usiku
kijiwe cha nyongo kiliziba njia.
Vikasongamana mlangoni.
Kimoja kikachomoa kisu kabla ya neno.
Kisha cha pili.
Nyumba ikaanza kuliwa na wapishi wake.

Ananyamaza kitambo.
"Nani alianza?" anauliza,
kama kwamba atamtoa mezani kwa mkono wake.

Siku ya tano, jioni, Nanuli amechoka,
anafungua chupa yake ya supu huko ukumbini,
ya kwake mwenyewe, amejificha kama mwizi.
Harufu haijui kujificha.
Tumbo la mjomba linanguruma
mpaka jirani wa kitanda cha pili anageuka.
"Umesikia?" Macho yamemtoka. "Wamebisha hodi!"

Bado, namwambia. Kesho pengine, maji.
Naandika kwenye karatasi yake:
saa kumi na mbili na dakika ishirini,
sauti za utumbo zimerudi.
Naye ananyanyua kikombe cha plastiki,
kitupu, juu kabisa,
anatafuta neno,
halipati,
anakirudisha polepole mezani.